Je, Vampire Weekend waliiba gitaa la Wakongo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, najifunza gitaa. Rafiki yangu anayesoma nje alinitumia albamu ya kwanza ya Vampire Weekend, ile ya 2008, nami nimeipenda mno. Nilipomwekea baba wimbo wa "Cape Cod Kwassa Kwassa" alicheka, akasema hao ni watoto wa kizungu walioiba gitaa la Kanda Bongo Man, yule mwimbaji wa Kikongo. Nikaingia mtandaoni kusoma. Kuna wahakiki wanaoisifu albamu kupita kiasi, kuna wanaoichukia kwa maneno makali, na wengi wao wala hawauzungumzii muziki. Je, ni wizi? Kwa nini ilipokelewa namna hiyo? Na la mwisho, ninunue pedali gani ili nipate ile sauti ya gitaa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na mfikishie baba salamu. Sikio lake ni zima. Gitaa alilolisikia asili yake ni Kinshasa, na bendi yenyewe haikuficha, kwani imeitaja kwasa kwasa, mtindo wa kucheza wa Kinshasa, kwenye jina la wimbo, peupe kabisa. Kwenye hukumu ya wizi ndipo mimi na baba tunapoachana njia. Nikilipima jambo lote, waliochemsha zaidi ni wahakiki, wale waliosifu na wale waliobeza, kuliko hao vijana wanne.

Tuanze na vijana wenyewe. Vampire Weekend walianza 2006 wakiwa wanamalizia masomo Columbia University, New York. Ezra Koenig anaimba na kupiga gitaa, Rostam Batmanglij alishika vinanda na ndiye aliyesimamia kurekodi, Chris Baio yuko kwenye besi na Chris Tomson kwenye dramu. Jina la bendi lilitokana na filamu ndogo ambayo Koenig alianza kuipiga wakati wa likizo, kisa cha kijana aitwaye Walcott anayekwenda Cape Cod kumwonya meya kwamba mavampaya wameivamia nchi. Wimbo wa "Walcott" ulioko karibu na mwisho wa albamu ndiko ulikotoka. Kwenye shindano la bendi pale chuoni walishika nafasi ya tatu kati ya bendi nne, jambo linalonifurahisha kila ninapolikumbuka, maana miaka miwili baadaye walikuwa kwenye jalada la gazeti kubwa la muziki.

Walipohitimu kila mmoja alijitafutia riziki. Koenig alifundisha Kiingereza katika shule moja ya Brooklyn. Albamu waliirekodi kwa vipande: kwenye vyumba walivyopanga, ndani ya ghala la shambani, na katika studio ndogo ya Brooklyn. Sikiliza dramu za "A-Punk" kisha za "M79" utasikia kwamba hazikurekodiwa chumba kimoja. Mimi napenda hivyo. Nakala za mwanzo zilizochomwa kwenye CD za kawaida zilianza kupita mkono kwa mkono na kwenye intaneti mwaka 2007, na kelele zikaanza hapo, kabla hawajawa na mkataba. Mwishowe walisaini na XL Recordings, lebo huru ya London, na albamu ikatoka mwishoni mwa Januari 2008, wiki ileile ambayo lebo hiyohiyo ilitoa albamu ya kwanza ya Adele.

Hapo ndipo neno indie linapoanzia, kama ulikuwa hujui: ni muziki wa roki unaotoka kwenye lebo ndogo zisizo chini ya makampuni makubwa. Siku hizi watu wanalitumia zaidi kutaja mtindo kuliko mkataba, lakini kwa bendi hii yote mawili yalikuwa kweli.

Sasa mapokezi. Gazeti la Spin liliwapiga picha ya jalada la toleo la Machi 2008 wakati albamu haijaingia dukani, jambo ambalo bendi changa hazijawahi kulizoea. Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, ambao wakati ule wangeweza kuinua au kuzika bendi ya indie kwa namba moja tu, waliipa 8.8 kati ya 10. Albamu ilifika nafasi ya 17 kwenye chati ya Billboard 200 ya Marekani na nafasi ya 15 Uingereza. Kwa lebo huru na albamu ya nyimbo 11 ambayo haifiki dakika 35, hayo ni makubwa. Mwaka 2012 Rolling Stone waliiweka namba 430 katika orodha yao ya albamu 500 bora za wakati wote. Albamu yao ya pili, "Contra" ya 2010, iliingia Billboard moja kwa moja ikiwa namba moja, na hiyo isingewezekana bila njia iliyofyekwa na hii ya kwanza.

Chuki nayo ilianza mapema, kabla hata watu hawajanunua CD. Kwa msikilizaji wa Tanga huenda isieleweke, kwa sababu haikuhusu noti wala mapigo. Ilihusu mavazi. Vijana hawa walipanda jukwaani wamevaa sweta za kufunga vifungo, mashati ya kola na viatu vya kutumbukiza mguu, yaani mavazi ya watoto wa matajiri wa kaskazini-mashariki mwa Marekani. Waliimba kuhusu Cape Cod, rasi ya Massachusetts ambako familia zenye fedha za zamani, wakiwemo akina Kennedy, zina nyumba za kupumzikia majira ya joto. Wimbo mmoja unahusu alama ya mkato, ile koma inayotangulia neno la mwisho katika orodha ya Kiingereza. Mwingine unaanza kwa kueleza umbo la paa la nyumba! Halafu juu ya hayo yote wanaweka gitaa la Kiafrika. Mhakiki aliyelelewa kuamini kwamba roki ni sauti ya mnyonge angeliona hili na damu ikamchemka: watoto waliolishwa vizuri wanapita dunia nzima wakiokota wanachokipenda, kama wako dukani.

Hasira hiyo naielewa, lakini ilielekezwa kwa watu wasiokuwapo. Koenig ametoka familia ya Kiyahudi ya New Jersey. Wazazi wa Batmanglij ni wahamiaji kutoka Iran, na mama yake, Najmieh Batmanglij, ni mwandishi anayeheshimika wa vitabu vya mapishi ya Kiirani. Hao si watoto wa Cape Cod. Ni vijana waliosoma karibu na watoto wa Cape Cod, wakawatazama kwa jicho la kutamani na la kucheka kwa wakati mmoja. Ukisikiliza maneno ya nyimbo kwa makini utaona kila wanapotaja kitu cha kitajiri, sauti inapinda kidogo, nusu ikitamani, nusu ikidhihaki. Hata kwenye huo wimbo wa kwasa kwasa, anayeimba anamtongoza msichana wa tabaka la juu, anataja majina ya makampuni ya mikoba na nguo, kisha anakiri kwamba hali nzima haimkai sawa. Mtu anayejisifia utajiri haandiki hivyo.

Tuache mavazi, tushike gitaa, maana wewe ni mpigaji na hapa ndipo swali lako lilipo.

Weka "Cape Cod Kwassa Kwassa" na usikilize mwanzo tu. Gitaa ni safi, halina mkwaruzo wa roki, linapigwa juu kwenye nyuzi nyembamba. Kifungu ni kifupi, kinajirudia na kugeuka kidogo mwishoni kila kinaporudi. Ngoma za mkono zinagusagusa chini yake, zikijaribu kufanana na tumba. Mpaka hapo baba yako ana haki yote: hiyo ni lugha ya wapiga solo wa Kinshasa na Paris, ile ambayo Diblo Dibala, aliyepewa jina la Machine Gun kwa wepesi wa vidole, aliipiga kwenye rekodi za Kanda Bongo Man tangu "Iyole" ya 1981.

Sasa sikiliza kilichokosekana. Kwenye soukous, muziki huo wa dansi wa Kikongo, gitaa haliko peke yake. Kuna la ridhimu linaloshika mwendo, kuna solo linaloruka juu, na katikati kuna mi-solo linalojibu yote mawili, na yote matatu yamesukwa kama ukili, ukivuta mmoja unasikia mwingine unakaza. Vampire Weekend wana mstari mmoja wa gitaa na nafasi kubwa tupu pembeni yake, nafasi ambayo wanaiachia sauti ya mwimbaji na kinanda. Hakuna sebene pia, ile sehemu ya gitaa la kuchezesha. Kanda Bongo Man alijijengea jina kwa kuondoa ile sehemu ndefu ya taratibu iliyokuwa ikitangulia na kuleta gitaa la kuchezesha mapema, baada ya kila ubeti. Hawa wa New York wamefanya kinyume chake. Wanakaa kwenye mwendo wa wastani mpaka mwisho, hakuna atalaku anayepaza sauti, hakuna wakati ambapo wimbo unafunguka na watu wakaingia uwanjani. Upige harusini Tanga uone kama kuna kiuno kitakachotikisika. Wamechukua rangi ya sauti na umbo la kifungu cha gitaa, wakaviweka ndani ya wimbo wa pop wa Kimarekani wa dakika tatu na nusu.

Je, huo ni wizi? Kisheria hapana, wala hakuna aliyewahi kuwa na kesi ya kufungua. Haki miliki inalinda wimbo, maneno na rekodi. Hailindi rangi ya sauti ya gitaa wala mtindo wa kucheza. Albamu haikukata kipande cha rekodi ya Kikongo na kukibandika. Magitaa yote walipiga wenyewe, na kifungu ni chao. Kwa desturi yetu sisi wapiga gitaa ni hapana vilevile, na hapa ningependa baba akumbuke ujana wake. Wakongo walijifunza rumba kwa santuri za Kuba, zile za mfululizo wa G.V. zilizoanza kuingia miaka ya 1930. Wapigaji wa benga wa Kenya walisikiliza Wakongo, wakachukua wepesi wa vidole na kuufunga kwenye mapigo yao. Bendi za dansi za Dar es Salaam zilichukua kila kilichotoka Kinshasa, na wanamuziki wenyewe wa Kikongo wakahamia: Orchestra Maquis, Remmy Ongala aliyezaliwa Kindu, na huko Nairobi Super Mazembe, Les Mangelepa, Samba Mapangala na Virunga yake. Hakuna aliyemwita mpiga solo wa Mwenge mwizi kwa sababu vidole vyake vilipita njia ya Franco. Tuliulizana kama anapiga vizuri, basi.

Najua baba atajibu nini. Atasema sisi tulikopeshana jirani kwa jirani, maskini kwa maskini, na hakuna aliyetoka hapo akawa tajiri. Ni hoja nzito, na wala sitaipangua. Tofauti kati ya bendi ya Morogoro iliyopiga Kikongo mwaka 1975 na bendi ya Columbia iliyopiga Kikongo mwaka 2008 haiko kwenye vidole. Iko kwenye milango inayofunguka baada ya kupiga. Ila hiyo milango haifunguliwi na mpigaji. Ina walinzi wake, na ndio ninaotaka kuwazungumzia.

Soma uhakiki wa mwaka ule utakuta neno Afro-pop limetapakaa kila mahali, na karibu kila mara halielezi chochote. Mhakiki anasikia gitaa safi, anaandika Afro-pop, anamtaja Paul Simon, mwimbaji wa Marekani aliyerekodi na Waafrika Kusini, anaendelea na habari za sweta. Bendi yenyewe ilichangia uzembe huo kwa mzaha. Walijiita Upper West Side Soweto, wakiunganisha mtaa wa chuo chao na kitongoji cha Johannesburg. Kama utani unachekesha. Lakini kwasa kwasa haikutoka Soweto, ilitoka Kinshasa, na kati ya miji hiyo miwili kuna umbali mkubwa wa kilomita na wa muziki. Mbaqanga ya Soweto ina besi inayotangulia mbele na kinanda kinachokaza mapigo. Soukous ya Kikongo inaongozwa na magitaa. Mtu anayeandika kwa ajira kuhusu muziki alipaswa kuzitofautisha, kama ambavyo asingethubutu kuandika kwamba bendi ya Manchester inapiga muziki wa Texas. Wachache walitofautisha. Waliobaki, wenye kusifu na wenye kulaani, walibishana kuhusu Afrika ambayo hawakuwa wameisikiliza.

Na hilo la Paul Simon lina walakini. "Graceland" ya 1986 ilikuwa jambo la aina nyingine. Simon alikwenda Johannesburg mwaka 1985, akarekodi na wenyeji, akina Ray Phiri na Bakithi Kumalo, baadaye akaimba na Ladysmith Black Mambazo. Alilaumiwa kwa kuvunja mgomo wa kitamaduni dhidi ya utawala wa makaburu, na lawama hiyo ilikuwa ya kisiasa, yenye watu halisi walioumia upande wa pili. Lakini waliopiga walikuwa Waafrika, majina yao yakaandikwa, na dunia ikawajua. Vampire Weekend hawakwenda popote, hawakuvunja mgomo wowote, na hawakumwita Mkongo yeyote studio. Ukiwapima kwa lawama za Simon wako safi. Ukiwapima kwa alichofanya Simon, wamebaki nyuma. Wahakiki waliowaweka kapu moja hawakufanya hesabu hizo.

Mtu mwingine anayetajwa, tena ndani ya wimbo wenyewe wa kwasa kwasa, ni mwimbaji wa Uingereza Peter Gabriel. Hilo halikuja kwa bahati mbaya. Gabriel alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali, na lebo yake ya Real World ndiyo iliyomtoa Remmy Ongala wa kwetu kwa wasikilizaji wa Ulaya, kwa albamu ya "Songs for the Poor Man" ya 1989. Na mwaka 1993 lebo ya Hannibal ilitoa rekodi ya Kanda Bongo Man aliyopiga jukwaani New York, "Soukous in Central Park". Itafute. Kwenye albamu ya Vampire Weekend, wimbo unaofuata baada ya ule wa kwasa kwasa ni "M79", na M79 ni basi linalokatiza Central Park kutoka upande mmoja wa jiji kwenda mwingine. Kwa hiyo kabla wale vijana hawajajua kushika gitaa, soukous yenyewe ilikuwa imeshapigwa kwenye bustani ambayo basi lao linapita, na watu wakacheza. Waandishi waliosema mwaka 2008 kwamba New York imesikia kitu kipya walikuwa na kumbukumbu fupi. Gabriel mwenyewe aliuchukua mzaha kwa moyo mkunjufu: mwaka huohuo akaurudia wimbo huo wa kwasa kwasa pamoja na bendi ya Hot Chip, akiimba jina lake mwenyewe.

Ukitaka kuona mlango ulivyofungwa kwa wengine, sikiliza bendi ya Extra Golden. Sijui kama umewahi kuwasikia, na kutowasikia kwako ndiko kunakothibitisha hoja yangu. Ian Eagleson, mpiga gitaa wa roki wa Marekani, alikuja Kenya kufanya utafiti wa benga kwa ajili ya shahada yake. Akakutana na Otieno Jagwasi. Pamoja na Alex Minoff na mpiga dramu Onyango Wuod Omari walirekodi Nairobi mwaka 2004, na albamu yao ya "Ok-Oyot System" ikatolewa 2006 na Thrill Jockey, lebo ya indie ya Chicago. Otieno alikuwa amefariki mwaka 2005, kabla haijatoka. Wenzake waliendelea bila yeye, na 2007 ikaja "Hera Ma Nono", yenye wimbo wa kumshukuru Barack Obama, ambaye wakati huo alikuwa seneta, kwa sababu ofisi yake iliwasaidia wanamuziki wa Kenya kupata viza ya kwenda kupiga Chicago.

Hebu fikiria. Hii ni bendi ya indie iliyofanya vizuri kila kitu ambacho wakosoaji wa Vampire Weekend walidai kinafanyika vibaya. Mzungu amekuja, amejifunza, amekaa na mwenyeji, wamegawana jukwaa na majina. Magitaa yanajibizana kama yanavyotakiwa kwenye benga. Waliandikwa vizuri na wachache, lakini hawakuwekwa kwenye jalada la gazeti lolote kubwa kabla ya albamu. Waliokuwa wakilia kwamba muziki wa Afrika unaporwa wangeweza kuzitumia kurasa zao kuwapa nafasi Wajaluo hawa wenye gitaa mkononi. Waliona ni heri warudi kuandika kuhusu sweta. Ndiyo maana nasema ugomvi ule haukuwa wa kutetea Kinshasa wala Kisumu. Ulikuwa wa Wamarekani wakigombana kuhusu tabaka lao, na gitaa letu lilikuwa kisingizio.

Upande mwingine wa mizani kuna kisa ambacho baba atakipenda. Esau Mwamwaya, Mmalawi aliyekuwa na duka la vitu vya mitumba London, alikutana na watengeneza muziki wawili waliokuwa wakijiita Radioclit, studio yao ikiwa jirani. Mwaka 2008 walitoa mkusanyiko wa bure ambamo Esau aliimba juu ya midundo ya watu wengine, na mmojawapo ulikuwa "Cape Cod Kwassa Kwassa". Wimbo uliochukua gitaa la Afrika ukachukuliwa na Mwafrika, akauimbia kwa Kichewa, wala hakuomba ruhusa ya mhakiki yeyote. Mwaka uliofuata kundi lao, The Very Best, lilitoa albamu ya "Warm Heart of Africa", na anayeimba na Esau kwenye wimbo uliobeba jina la albamu ni Ezra Koenig. Kwangu mimi wimbo huo ni mtamu kuliko ule wa kwanza, kwa sababu sasa kuna mtu wa kumjibu.

Nikirudi kwenye albamu yako: usiisikilize kama albamu ya Kiafrika, utaionea. Katika nyimbo 11, gitaa la Kikongo liko wazi kwenye mmoja, na kwenye nyingine mbili tatu, kama "Mansard Roof", linapita kwa mbali. "A-Punk" ni roki ya haraka yenye filimbi za kinanda, na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote. "M79" inategemea fidla alizozipanga Batmanglij, na huko alikuwa anawaza muziki wa Ulaya wa karne zilizopita zaidi ya Kinshasa. "One" yenye viitikio vya kupokezana inanichosha, na "Bryn" naipita bila kujuta. Kilichoishtua indie ya wakati ule ni nafasi. Bendi za New York zilizotangulia zilijaza kila upenyo kwa magitaa yenye mkwaruzo. Hawa waliacha hewa kati ya vyombo, ukaweza kusikia kila kidole. Wamejifunza hilo kutoka kwa Wakongo kuliko kitu kingine chochote, na ajabu yake ni kwamba hakuna mhakiki aliyelikasirikia.

Kwa baba, basi, mwambie hivi: ni mkopo, umetajwa jina mbele ya watu, ila haujalipwa kwa mpigaji yeyote wa Kinshasa. Kama atasema hiyo haitoshi, nitanyamaza, ana haki.

Sasa pedali. Usinunue. Hela hiyo nunua seti nyembamba ya nyuzi, namba 9 au 10. Koenig wakati ule alikuwa akionekana zaidi na Epiphone Sheraton, gitaa lenye uwazi ndani, lakini lolote la umeme litakufaa. Weka swichi kwenye pikapu ya karibu na daraja, ampu iwe safi, trebo juu kidogo, besi uishushe, mwangwi mdogo sana. Mkwaruzo zima kabisa. Kiganja cha mkono wa kulia kilaze kidogo tu juu ya daraja, nyuzi zisilie kwa muda mrefu. Panda juu ya kituo cha saba, tumia nyuzi tatu nyembamba, na piga mbili kwa wakati mmoja unapotaka kifungu kijae.

Halafu acha Vampire Weekend kando kwa muda. Chukua "Iyole", usimfuate Diblo kwanza, utakata tamaa. Tafuta gitaa la ridhimu lililo chini yake, lile ambalo hukuwa unalisikia, na ulipige hilo mpaka mkono wa kulia uache kufikiri. Kisha mwombe rafiki mwenye gitaa la pili apige kile kifungu cha Koenig juu yake. Utagundua kinaingia bila shida, na mtapata mahali pa kuweka mi-solo katikati, sehemu ambayo wao waliiacha tupu. Baba akiwa nyumbani, mwache achague mwendo.